Kufuga konvikti kwenye tenki la nyumbani, kuanzia maji mpaka vifaranga

Konvikti ni samaki mgumu, hilo kila aliyemfuga atakwambia, na ndo maana anapendekezwa sana kwa mtu anayeanza na sikilidi, yani samaki wa jamii ya perege na sato. Ila naomba nianze na kitu kimoja ambacho naona kinaua samaki wengi bila sababu. Ugumu wake haumaanishi kwamba maji machafu hayamdhuru, yanamdhuru kama kawaida, isipokuwa yeye anachelewa kuonyesha. Samaki laini kama neoni maji yakiharibika leo kesho unamkuta anaelea, unashtuka unachukua hatua, sasa konvikti yeye ataendelea kula, ataendelea kuchimba mchanga na kufukuza wenzake wiki baada ya wiki, siku akija kuonyesha dalili ujue ndani keshaumia sana. Kwa hiyo usisubiri samaki akwambie, pima maji na usome tabia yake mapema, hayo mawili utayaona kwenye karibu kila hatua hapa chini.

Umjue kwanza

Asili yake ni Amerika ya Kati, nchi kama Guatemala, El Salvador na Honduras, kwenye mito na vijito vyenye mawe mengi, mizizi na magogo ya kujificha. Mwili wake wa kijivu una mistari myeusi minane au tisa inayoshuka kutoka mgongoni kwenda tumboni, ndo maana wengine wanamuita sikilidi pundamilia. Kisayansi ni Amatitlania nigrofasciata, alielezwa mwaka 1867 na Albert Günther, na ukikuta maandishi ya zamani yanamuita Cichlasoma au Archocentrus usichanganyikiwe, ni huyo huyo. Ni familia moja na perege na sato, na kama ndugu zake hao ana taya za mdomoni halafu ana nyingine kooni za kusagia, kwa hiyo anakula karibu kila kitu.

Dume anafika sentimita 12 hivi na wengine wanazidi hapo, mapezi yake ya mgongoni na ya chini yana ncha ndefu, na akizeeka anaota kinundu kwenye paji. Jike ni mdogo, mara nyingi 8 mpaka 10, na yeye ndo mwenye rangi ya chungwa tumboni, jambo linalowachanganya watu maana kwa samaki wengi dume ndo anapendeza. Kuna wa weupe pia wanaoelekea pinki, hao ni konvikti wale wale tabia ile ile, mi binafsi siwashauri kwa anayeanza kwa sababu hawana mistari, na mistari ndo inakupa habari za samaki wako. Samaki akiwa na hofu au akiwa anaumwa mistari inafifia anakuwa kama amepauka, akiwa na hasira au anajiandaa kuzaa inakolea kabisa. Ukishazoea kuisoma hiyo unajua hali ya tenki ukiwa umesimama mlangoni.

Akitunzwa vizuri anaishi miaka 8 mpaka 10, kwa hiyo sio jambo la miezi miwili.

Hatua ya 1: tenki lenyewe

Kwa dume na jike wawili tu usishuke chini ya lita 110 au 120. Najua utaona watu wanaweka kwenye la lita 60 na samaki wanaishi, wanaishi ndio, lakini jike anakosa pa kukimbilia na ndo unakuta kila siku mapezi yamechanika. Cha kuangalia zaidi ni urefu wa chini sio kimo, samaki huyu anagawana ardhi, anahesabu sakafu. Kujua lita zidisha urefu kwa upana kwa kimo kwa sentimita halafu gawa kwa 1000, mfano tenki la 80 kwa 35 kwa 40 ni lita 112.

Kumbuka lita moja ya maji ni kilo moja. Hilo tenki la lita 112 ukijumlisha kioo, mchanga na mawe unazungumzia zaidi ya kilo 150 zimekaa sehemu moja, kwa hiyo meza iwe imara na iwe sawa, pima kwa pima maji ya mafundi kabla hujajaza. Tenki likikaa limepinda kioo kinabeba uzito upande mmoja na silikoni inaweza kuachia. Liweke mbali na dirisha linalopigwa na jua la moja kwa moja, la sivyo kijani cha mwani kitakusumbua na joto litapanda na kushuka. Na liwe na mfuniko, wakifukuzana hawa wanaruka.

Hatua ya 2: mawe kwanza, mchanga baadaye

Hapa pana jambo ambalo watu wengi wanalikosea mpangilio. Konvikti ni mchimbaji, anabeba mchanga kwa mdomo anatema pembeni, tena na tena, mpaka anafika kwenye kioo cha chini. Sasa kama wewe umemwaga mchanga ndo ukapanga mawe juu yake, akichimba chini ya jiwe jiwe linaanguka, linamponda yeye au linagonga kioo. Kwa hiyo panga mawe makubwa moja kwa moja kwenye sakafu ya tenki, chini yake unaweza kutanguliza kipande chembamba cha plastiki laini ili yasikwaruze, yatingishe kwa mkono uone hayachezi, ndo umwage mchanga kuyazunguka. Mchanga au changarawe ndogo za mviringo, sentimita 4 au 5 zinatosha, zioshe kwenye ndoo mpaka maji yatoke meupe. Usitumie sabuni kwenye kitu chochote kinachoingia tenkini, hata ndoo iwe ya samaki peke yake.

Weka mapango mengi kuliko samaki. Chungu cha maua cha udongo kilicholazwa, mawe bapa yaliyoegemeana, kipande cha bomba la PVC, vyote vinafaa, na yapange ili samaki aliye upande mmoja asimuone aliye upande wa pili. Kuzuia macho kunapunguza ugomvi kuliko kitu kingine chochote utakachonunua. Mimea ya kupanda kwenye mchanga ataing'oa, kama unataka kijani tafuta inayoshika kwenye gogo au jiwe kama anubiasi, ifunge kwa uzi, na hata hiyo ataionja.

Hatua ya 3: filta, hita na pampu ya hewa

Filta iwe na uwezo wa kuzungusha maji ya tenki zima mara 4 mpaka 6 kwa saa, yani tenki la lita 120 tafuta ya lita 500 mpaka 700 kwa saa. Konvikti anakula sana na anachafua sana, ukibana hapa utalipia kwingine. Ndani yake iwe na sponji, na sehemu yenye vipande vya kauri au kitu kingine chenye vitundu vingi, huko ndo bakteria wazuri wanakaa.

Joto liwe nyuzi 24 mpaka 28, ya 26 ni nzuri kwa siku zote. Kama maji yako yanabaki humo usiku na mchana mwaka mzima hita haina kazi, ila nunua kipimajoto uhakikishe, usikisie kwa kidole. Kama unaihitaji hesabu wati moja kwa lita, na kila ukitoa maji izime dakika kadhaa kabla, hita ikibaki inawaka nje ya maji inapasuka. Waya zote zining'inie chini kidogo ya soketi kabla ya kupanda, tone la maji likifuata waya lidondoke sakafuni lisiingie kwenye umeme.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi usiwalishe, na kama una kapampu kadogo ka betri kawashe. Filta iliyofungwa kabisa, ile ya kukaa nje ya tenki, ikisimama muda mrefu bakteria ndani wanakosa hewa wanaanza kufa na yale maji yaliyolala humo yanaoza, umeme ukirudi usiiachie imwage tenkini, ifungue kwanza, mwaga, suuza, ndo uwashe.

Hatua ya 4: kukomaza maji

Hii ndo hatua yenyewe. Ukiielewa hii nusu ya matatizo ya samaki hutayaona kabisa.

Samaki anatoa amonia kupitia matamvua na kinyesi, na chakula kilichobaki kikioza kinatoa amonia pia. Amonia inaunguza matamvua. Kuna bakteria wanaokula amonia na kuigeuza nitriti, nayo ni sumu, inaingia kwenye damu inazuia isibebe oksijeni, damu inageuka kahawia na samaki anahema juu ya maji hata kama pampu ya hewa inafanya kazi. Halafu kuna kundi jingine la bakteria linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo sio kali, unaipunguza kwa kubadilisha maji. Sasa tenki jipya halina hao bakteria. Lina maji masafi kwa macho tu, ukiweka samaki siku hiyo hiyo unamfungia na sumu yake mwenyewe, na konvikti kwa ule ugumu wake atavuka, wewe utafikiri mambo safi, kumbe matamvua yamebaki na makovu na huko mbele kila ugonjwa unampata yeye.

Fanya hivi. Jaza maji, toa klorini kwa dawa ya kuondoa klorini. Maji ya bomba yenye klorini ya kawaida ukiyaacha kwenye ndoo wazi saa 24 huku unayapuliza hewa klorini inatoka, lakini kama wanaotoa maji wanatumia kloramini hiyo haitoki kwa kusubiri, lazima dawa. Washa filta na joto, kisha weka chanzo cha amonia, aidha amonia safi isiyo na harufu wala sabuni kwa matone mpaka kipimo kisome miligramu 2 hivi kwa lita, au tupia chakula kidogo cha samaki kila siku kioze. Nunua vipimo vya maji vya matone, vya amonia, nitriti, nitrati na pH (kipimo cha uchachu wa maji), hivi ni lazima, bora upunguze mapambo kuliko kukosa vipimo.

Utaona amonia inapanda, baada ya siku kadhaa inaanza kushuka huku nitriti inapanda sana na kukaa juu muda mrefu, hapo wengi wanakata tamaa, vumilia. Siku nitriti nayo ikishuka mpaka sifuri na nitrati imetokea, weka amonia tena ya kipimo kile kile, na kama ndani ya saa 24 zote mbili zimerudi sifuri tenki limekomaa. Kwa kawaida inachukua wiki 4 mpaka 6. Ukipata sponji iliyotumika kutoka kwenye filta ya mtu mwenye samaki wazima inapungua sana, iweke ndani ya filta yako ikiwa bado imelowa, usiiache ikauke njiani.

pH ya 6.5 mpaka 8 anaishi bila shida, usihangaike na dawa za kupandisha na kushusha, maji yanayoyumba yanamchosha kuliko namba yenyewe. Ila jua hili, pH ikiwa juu na joto likiwa juu sehemu kubwa zaidi ya amonia inakuwa kwenye ile hali yake ya sumu, kwa hiyo mwenye maji magumu ya pH 8 amonia kidogo tu kwake ni hatari kuliko kwa mwenye pH 6.8.

Hatua ya 5: kuchagua na kuwaingiza

Chagua anayekuja mbele ya kioo ukisogea, mistari imekolea, tumbo halijaingia ndani, mapezi hayajabana mwilini, macho angavu. Muombe muuzaji awalishe uone, asiyekula muache. Angalia pia wenzake kwenye tenki lile, kama kuna mmoja ana vidoa vyeupe hata huyo wako mzuri ameshabeba.

Mi nashauri ununue wadogo watano au sita wa sentimita 3 au 4 uwakuze pamoja, wawili watachaguana wenyewe, halafu wengine uwatoe haraka. Ukilazimisha dume mkubwa na jike usiyejua kama anamtaka unaweza kuamka umkute jike amekufa. Kama una nafasi wakae kwenye tenki dogo la pembeni wiki 2 mpaka 4 uwaangalie kabla ya kuingia la kudumu.

Siku ya kuwaingiza zima taa, eleza mfuko juu ya maji dakika 15 mpaka 20 joto lilingane, ufungue uongeze kikombe cha maji ya tenki kila dakika tano tano, kisha mtoe samaki kwa wavu mdogo, maji ya mfuko yamwage nje. Siku hiyo usilishe.

Hatua ya 6: chakula

Peleti nzuri za sikilidi ndo msingi, halafu badilisha badilisha, artemia (vijikamba vidogo sana vya maji ya chumvi) walioganda, minyoo midogo iliyogandishwa, njegere zilizochemshwa na kumenywa ganda, jani la spinachi, tango. Mboga usiache, porini wanakula na mwani na majani. Wakubwa mara moja au mbili kwa siku, wadogo mara tatu kidogo kidogo, kiasi cha kuisha ndani ya dakika mbili, na siku moja kwa wiki waache na njaa. Nyama ya ng'ombe na ya kuku hapana, mafuta yake hawayasagi vizuri. Samaki wadogo wa kuwalisha wakiwa hai nao hapana, unaingiza magonjwa bure.

Atakuja kioo kila akikuona kama hajala mwaka mzima. Usimuamini.

Hatua ya 7: kila wiki

Toa robo mpaka theluthi ya maji, na wakati unayatoa pitisha mpira wa kunyonya juu ya mchanga uondoe kinyesi kilichojificha chini ya mawe. Maji mapya yawe na joto karibu sawa na ya zamani na yawe yametolewa klorini. Pima nitrati kabla ya kubadilisha, ikipita miligramu 40 kwa lita ujue unalisha sana au unabadilisha kidogo.

Sponji ya filta ikijaa ioshe ndani ya ndoo yenye maji uliyoyatoa tenkini, ikamue mara mbili tatu inatosha, usiipeleke kwenye bomba maana klorini itaua bakteria wote uliowasubiri wiki zile zote. Na usibadilishe vitu vyote vya filta siku moja hata kama kwenye pakiti wameandika ubadilishe kila mwezi.

Hatua ya 8: ugomvi, na nani wa kukaa naye

Konvikti akiwa hana mayai ni mkorofi wa wastani. Akiwa na mayai anapigana na kitu chochote, samaki mara mbili ya ukubwa wake, wavu, mkono wako. Kwenye tenki la lita 120 wakianza kuzaa nusu ya tenki inakuwa yao, baadaye lote, na wengine wote utawakuta wamebanana pembe ya juu mistari imefifia. Kwa hiyo kwa ukubwa huo jibu langu ni moja, wawili tu basi.

Ukiwa na lita 300 na zaidi unaweza kujaribu na sikilidi wengine wa Amerika ya Kati wenye nguvu kama Jack Dempsey, wote waingie wadogo na kwa wakati mmoja ili asiwepo mwenye nyumba na mgeni. Gapi, neoni, samaki malaika, samaki wa dhahabu, kamba wadogo, hao wote sahau. Mbuna, wale sikilidi wa kwenye mawe wa Ziwa Nyasa, pia sichanganyi, chakula chao na namna yao ya kugombana ni tofauti.

Jifunze kutofautisha mchezo na hatari. Wakitunishiana mapezi, wakipigana mikia, hata wakishikana midomo na kuvutana sekunde chache halafu mmoja akaondoka, hiyo ni kawaida, wapenzi wapya wanapimana hivyo. Hatari ni pale mmoja anafukuzwa bila kupewa nafasi ya kula, anakaa juu karibu na hita, mapezi yameliwa, magamba yametoka ubavuni. Huyo mtoe siku hiyo hiyo, usimpe wiki nyingine. Kama huna pa kumpeleka gawa tenki katikati kwa wavu mgumu wa plastiki. Ukihamisha mawe yote na kuyapanga upya mipaka inafutika na kila mtu anaanza upya, inasaidia kwa ugomvi mdogo, kwa dume aliyekwisha kuamua haisaidii.

Hatua ya 9: wakizaa, na watazaa

Huna haja ya kufanya kitu, ndo samaki rahisi kuzaa kuliko karibu wote, hata wakiwa na sentimita 5 wanaweza kuanza. Jike anakolea rangi, tumbo linang'aa chungwa, wanasafisha ukuta wa pango kwa midomo, na siku moja huwaoni, jike yuko ndani na dume amesimama mlangoni.

Mayai ni 100 mpaka 300 kwa kawaida, rangi ya krimu, yamegandishwa ukutani au kwenye dari la chungu. Jike anayapepea kwa mapezi ya kifuani usiku na mchana, anaondoa yale yaliyogeuka meupe maana hayo yamekufa na yanaota ukungu. Kwa joto la nyuzi 26 au 27 yanaanguliwa baada ya siku tatu hivi. Vinavyotoka sio samaki bado, ni vijikia vinavyotetemeka vimebeba kiini chao cha yai, na hapo wazazi wanavibeba mdomoni wanavihamishia kwenye shimo walilochimba, kesho wanavihamisha shimo jingine. Ukiona pango tupu usilie, angalia kwenye mashimo. Kama siku nne tano nyingine vinaanza kuogelea vikiwa kundi moja jeusi linalotambaa juu ya mchanga.

Sasa hapo kaa kimya mbele ya tenki uangalie. Jike anashuka mpaka tumbo linagusa mchanga, anatetemesha mapezi, vumbi la chakula lililolala chini linapanda, na vifaranga vyote vinaingia kwenye lile vumbi kula. Kukiwa na jani lililooza chini anashika ukingo wake kwa mdomo analinyanyua, analigeuza, anasubiri watoto wale upande wa chini halafu analiachia. Kifaranga kikichepuka peke yake dume anakifuata, anakimeza, anarudi anakitema katikati ya kundi. Mara ya kwanza ukiona utafikiri amekila. Samaki hawa wamechunguzwa sana na watafiti wa tabia za wanyama kwa ajili ya malezi haya ya baba na mama, na unaweza kuyaona yote nyumbani kwako kwa macho.

Vilishe artemia wachanga walioanguliwa au peleti uliyosaga mpaka unga, mara tatu nne kwa siku kidogo sana. Funika mdomo wa filta kwa sponji la sivyo vitavutwa. Maji yabadilishe mara nyingi zaidi lakini kidogo kidogo, taratibu, na usiingize mkono ovyo, wazazi wakiona tishio haliishi wanaweza kula watoto wenyewe au dume akamgeukia jike kwa hasira. Mzazi anayeanza anaweza kula mayai ya kwanza, muache, mara nyingi awamu zinazofuata anatulia. Baada ya wiki 4 mpaka 6 jike anakolea tena anataka kutaga na wale watoto wakubwa wanageuka maadui, watoe kabla ya hapo.

Akiumwa

Nimesema anachelewa kuonyesha, kwa hiyo dalili ndogo kwa konvikti ni kubwa. Asipokuja kula, mistari ikififia siku nzima, akijikuna kwenye mawe, mapezi kubana, kitu cha kwanza ni kupima amonia na nitriti sio kukimbilia dawa. Kama kipimo sio sifuri badilisha nusu ya maji hapo hapo, mara nyingi umemaliza.

Vidoa vyeupe kama punje za chumvi mwilini ni kijidudu kinaitwa Ichthyophthirius multifiliis. Dawa haikigusi kikiwa kimejichimbia kwenye ngozi, inakiua kikitoka kuogelea majini, kwa hiyo usiache dawa kwa sababu vidoa vimepotea. Pandisha joto polepole mpaka 30, ongeza pampu ya hewa maana maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo, weka chumvi isiyo na vionjo gramu 1 mpaka 3 kwa lita ukiigawa kwa siku mbili, uendelee hivyo kama siku 10 mpaka 14. Kama unatumia dawa ya dukani toa mkaa kwenye filta, mkaa unaifyonza.

Vishimo vidogo kichwani vinavyopanuka mara nyingi vinaambatana na nitrati iliyokaa juu muda mrefu na chakula cha aina moja, anza na maji na mboga, isipopungua mpeleke picha daktari wa mifugo anayejua samaki. Vidonda vya kugombana kwenye maji masafi vinapona vyenyewe.

Vifaranga wakizidi

Hili ndo tatizo halisi la konvikti na ni bora ulipange kabla hujanunua. Wawili wanaweza kukupa mamia ya watoto kila baada ya wiki chache, na maduka mengi hayawataki kwa sababu kila mtu anao. Kamwe usiwamwage mtoni, bwawani wala kwenye mtaro. Australia na jimbo la Nevada kule Marekani wana konvikti wanaozaana kwenye maji ya wazi kutokana na samaki walioachiwa, na kwa namna wanavyokula kila kitu na kulinda sehemu yao samaki wa asili wanabanwa.

Kama huna wa kuwapa, toa chungu chenye mayai siku ile ile ya kwanza, yakaushe kabisa kabla ya kukirudisha chungu. Au usifuge dume na jike kabisa, dume mmoja peke yake kwenye lita 80 anazoea watu vizuri, anakula mkononi. Jike peke yake naye ni sawa, ila jua anaweza kutaga hata bila dume, atayalinda, yatageuka meupe yote, na hayo uyatoe ndani ya siku mbili tatu kabla hayajaharibu maji.